Kuhesabu Mitumbwi

Kitu cha kwanza nilichokiharibu baada ya kurudi kutoka chuo kikuu cha Ulaya ni mafuta ya dada yangu. Vingine nimeviharibu baadaye, kwa utulivu na uzoefu, lakini hicho ndicho cha kwanza, na ndicho ambacho dada hunikumbusha kila Idi, chakula kikishawekwa mbele yangu na kinywa changu kikiwa kimejaa.

Hayo maneno "chuo kikuu" huwa nayatamka polepole ili watu wayasikie vizuri. Ukweli ni mfupi kuliko matamshi yangu. Zama za Mdachi, maofisa wao walifundishwa Kiswahili huko kwao kabla ya kupanda meli, na alihitajika mtu wa kuwatamkia. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa chumvi kutoka Ujiji aliyehamia Rumonge. Aliona kwamba mtoto asiyeweza kupiga kasia afadhali ajue kuandika, akanipeleka shule ya serikali kule pwani, na kutoka pwani nikachukuliwa Ulaya. Kwa miaka mitatu nilisimama mbele ya darasa nikisema "lete maji ya moto" na "punda wangu ni mgonjwa," vijana wenye masharubu wakarudia. Jioni niliruhusiwa kukaa kiti cha nyuma kwenye mihadhara ya falsafa. Nilielewa robo. Robo hiyo ndiyo iliyoleta balaa.

Nilirudi kwa meli, kisha kwa reli mpaka pale ilipoishia wakati huo, kisha kwa miguu mpaka Ujiji, na kutoka Ujiji kwa mtumbwi. Nilifika Rumonge nimevaa koti zito la baridi, jua likiwa utosini, kwa sababu sikutaka mtu akose kuliona. Dada alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Karibu, mdogo wangu. Nani amefariki?"

Ndani ya koti nilikuwa na daftari. Profesa mmoja mpole, mwenye ndevu kama pamba, alikuwa amenipa na kuniomba nimwandikie desturi za watu wa ziwa letu. Ukurasa wa kwanza aliandika maswali yake mwenyewe. Wanafanya nini? Kwa nini wanafanya hivyo? Wanaamini nini? Je, majirani zao wanaamini hivyo hivyo? Nilimwona mtu mwenye busara sana. Alikuwa mbali sana pia, jambo ambalo sikulipa uzito.

Dada alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na riziki yake ilitoka uani. Pale alikuwa na kinu kikubwa cha mti mgumu alichoachiwa na mumewe, kipana kiasi cha watu watatu kutwanga kwa pamoja. Kinu alikuwa nacho. Michikichi hakuwa nayo hata mmoja. Michikichi ilikuwa ya mama mmoja Mrundi wa mlimani, mtu mzima, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe bonde la pili. Na vyungu vilikuwa vya mama wa tatu, ambaye aliwahi kukaa karibu na misheni ya upande wa Usumbura akabatizwa huko. Alikuwa na kimedali kwenye uzi shingoni, na mumewe alikuwa na mtumbwi wa kupelekea mafuta Ujiji. Kwa miaka sita wanawake hao watatu walikuwa wakipika mawese pamoja, na yeyote kati yao akijitoa, wawili waliobaki walikuwa na nusu ya kitu kisichofaa kitu.

Sasa, kazi yenyewe. Chikichi huchemshwa, hutwangwa mpaka nyama iachane na kokwa, kisha hutiwa maji, mafuta yakapanda juu na kuenguliwa kwa upawa. Kila mmoja wa wale mama alikuwa na lake la kufanya. Dada, kabla ya kutwanga, alisoma bismillahi na kugusa hirizi aliyoifunga kwenye kinu, kijingozi kilichoshonwa na aya ndani. Yule mbatizwa, chungu kikianza kuchemka, alifanya ishara ya msalaba na kukinong'oneza maneno. Na yule mama wa mlimani, mafuta ya kwanza yakipanda, alichota upawa mmoja, akaenda kwenye shina la mchikichi wake mmoja uliokuwa pembeni mwa ua, akawamiminia baba zake waliokufa huku akiwaita mmoja mmoja.

Lakini hiyo haikuwa desturi yao. Hizo zilikuwa desturi tatu za watu watatu. Desturi yao, ya wote kwa pamoja, ilikuwa hii: mmoja akianza lake, wawili wengine waligeuka wakatazama ziwa. Ua wa dada uliteremka moja kwa moja hadi ufukweni, hivyo palikuwa na cha kutazama. Walihesabu mitumbwi. Mwenye kufanya lake akimaliza aliuliza, "Mingapi?" Wakamjibu, "Mitano," au "Tisa, na mmoja unavuja," kazi ikaendelea.

Nilikaa na daftari langu kwenye kigoda siku tatu nikiyatazama haya, na mimi peke yangu sikugeuka. Yule mama wa mlimani aliona. "Wewe, mutoto wa nyumba hii," aliniambia, "uko na macho mingi."

"Ni elimu, mama," nikamjibu.

Siku ya nne ndipo nilipofungua mdomo. Msimu ule michikichi ilikuwa imezaa vibaya sana, maana yangu imezaa mno. Mashada yalikuwa yamerundikwa uani mpaka kimo cha kifua, na chungu cha kwanza kilikuwa tayari. Mama wa mlimani alichota upawa wake akaanza kuelekea kwenye shina. Dada na yule mbatizwa wakageukia ziwa. Nikamsogelea mbatizwa na kalamu.

"Mama, wewe unaamini kwamba wazee wake wanayanywa hayo mafuta?"

"Mitumbwi kumi na mmoja," akasema, macho ziwani.

"Sikuuliza mitumbwi."

"Na mimi nimekujibu mitumbwi."

Mtu yeyote aliyelelewa Rumonge angenyamaza hapo. Mimi nilikuwa nimelelewa nusu tu. "Nauliza kwa nia njema," nikasema. "Sihukumu mtu. Ubatizo wako unasemaje?"

Akageuka. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akamwona mwenzake amesimama kwenye shina na upawa mkononi, na mwenzake akamwona anamwona.

"Ubatizo wangu unasema wafu hawanywi mafuta," akasema, kwa sababu alikuwa mtu mkweli na alikuwa ameulizwa.

"Hawanywi?" Mama wa mlimani aliushusha upawa. "Baba yangu hanywi?"

"Sijamtaja baba yako. Huyu ndiye kauliza."

"Yeye iko ameuliza. Wewe iko umejibu." Akamgeukia dada. "Na wewe, mugenzi wangu, mwenzangu wa miaka sita? Nawe unasema baba yangu hanywi?"

"Mimi nasema kuni zimepungua," akasema dada.

Angeweza kutuokoa. Lakini nilikuwa nimesoma robo ya falsafa. "Dada," nikasema, "dini yetu iko wazi kabisa katika jambo hilo."

Dada alinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tena, na ninashukuru.

"Aa," akasema mama wa mlimani. "Na hicho kijingozi umefunga kwenye kinu? Chenyewe kinakunywa nini?"

Mbatizwa akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka kama kikohozi.

"Unacheka aya?" akauliza dada. "Wewe unayezungumza na chungu? Wewe mwenye kisahani cha shaba shingoni?"

Kwa muda wa chungu kimoja kutokota walikuwa wametukanana wote, kila mmoja kwa zamu yake, kwa haki kamili. Kisha mama wa mlimani akafanya kitu kilichowanyamazisha. Aliurudisha upawa wake, na mafuta ya baba zake ndani, akayamimina tena chunguni. Akajifunga nguo yake vizuri. "Amahoro," akatuaga, kama mtu anavyomuaga mpita njia, akashika njia ya mlimani. Mbatizwa akakusanya vyungu vyake vilivyokuwa vitupu, akavipanga kichwani, naye akaenda.

Mimi nilikuwa nikiandika. Ukurasa huo ninao mpaka leo. Mwandiko wake ni mzuri sana.

Jioni dada alikaa mbele ya lile rundo la chikichi. "Unajua chikichi iliyokatwa inakaa siku ngapi?" akaniuliza.

Sikujua. Haikuwa kwenye maswali ya profesa.

"Siku ya tatu inaanza kuchacha. Siku ya tano mafuta yake yanawasha koo, hakuna mtu Ujiji atakayeyagusa. Na hii ilikatwa jana. Ndiyo mtama wetu mpaka mvua nyingine, hii. Ndiyo nguo za hawa watoto. Na siyo yangu, ni ya yule mama. Ameshatuma maneno kwamba kesho kutwa anawaleta watu waihamishie kwa wifi yake, kijiji cha pili, ambako kuna kinu kidogo kama kikombe. Akihama, hahami na msimu huu tu."

Nikamwambia kwamba wote watatu walihitaji kuelezwa jambo moja, kwamba watu wanaweza kuishi pamoja hata wakitofautiana katika imani. Nikamwambia kulikuwa na mhadhara mzuri sana juu ya jambo hilo.

"Mdogo wangu," akasema dada, "unadhani tulikuwa hatujui? Mwaka wa kwanza tuligombana siku mbili nzima juu ya ule upawa. Tulisemezana yote uliyoyasikia leo, na mengine. Siku ya tatu kachota, sisi tukafungua midomo, na ziwani mtumbwi ukapinduka. Sote wawili tukageuka kutazama kama wametoka. Tulipogeuka tena, mwenzetu alikuwa amemaliza, ameshika mchi, anauliza wametoka wangapi. Tukamwambia wote. Tukatwanga. Basi tangu siku hiyo tunatazama ziwa. Tunajua anaamini nini. Tunajua kuliko daftari lako."

Akaokota chikichi moja, akainusa. "Wewe umetugeuza shingo. Utazirudisha mwenyewe."

Kesho yake nikanunua kondoo. Niliona jambo hilo limo katika uwezo wangu: karamu, watu wakae, wale, wasahau. Nilimchagua mnono, nikamchinja mwenyewe, nikapika mwenyewe, kisha nikapanda mlimani kumwita yule mama, nikashuka kumwita yule mbatizwa. Nadhani walikuja kwa kuwa hawakuwahi kumwona mwanamume mwenye koti akijipaka masizi.

Mama wa mlimani alichungulia chungu. "Ni nini?"

"Kondoo, mama. Mnono."

Akarudi nyuma hatua mbili. "Kondoo? Huyu anayelala na ng'ombe zetu? Rafiki ya ng'ombe?" Akamgeukia dada, akisahau kwamba hawasemeshani. "Kwenu munamufundisha nini huyu?"

Nilikuwa nimeondoka mdogo. Nilijua kwa Kidachi sehemu zote za kondoo, sikujua kwamba Warundi wa milimani hawamli.

"Basi wewe, mama," nikamwambia mbatizwa, nikimsogezea sahani.

"Leo Ijumaa," akasema kwa upole. "Sisi Ijumaa nyama hapana."

Nikabaki na dada. Hapo angalau nilikuwa nyumbani. Dada akachukua kipande, akakiinua, akasita. "Ulipochinja ulielekea wapi?"

Nikafikiri. Nilimlaza kondoo pale penye upepo. "Ziwani," nikasema.

Kibla chetu, kwa asiyejua, kiko upande wa pili kabisa, juu ya milima.

Dada akakirudisha kipande chunguni. "Siku zote hizi umekataa kutazama ziwa," akasema. "Ukaja kulitazama leo!"

Nilimwona mbatizwa akiuma midomo. Nilimwona na mama wa mlimani akikaza macho kwenye paa. Lakini hawakucheka, maana kucheka mbele ya mwenzako ni kukaribia kusamehe, wakaondoka kila mmoja njia yake. Mbwa wa Rumonge ndio waliokula karamu ya umoja wetu, na wao hawakuwa na swali.

Siku ya tatu, ambayo rundo lilianza kutoa harufu ya pombe, nilivua koti. Asubuhi mvua ilikuwa imepiga na kupita, ua ulikuwa tope. Sikuwa na mpango. Dada alikuwa ndani, na watu wa kuhamisha chikichi walikuwa wanatarajiwa baada ya adhuhuri, na sikuweza kuendelea kukaa kwenye kigoda nikilitazama rundo lile. Nilichemsha chungu kimoja, tulichobaki nacho cha nyumbani, nikamimina kwenye kinu, nikashika mchi.

Kutwanga kwa watu watatu kuna mwendo wake: mmoja anashusha, mmoja anainua, mmoja yuko katikati, na mlio wake husikika mpaka mlimani kama moyo wa mtu mzima. Mimi nilikuwa nikitoa mlio wa mtu anayeanguka ngazini. Nilipiga ukingo wa kinu. Nilipiga kidole cha mguu wangu. Kokwa ziliruka mpaka juu ya paa. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu ufukweni waliziacha wakaja kukaa kwenye ua wa jirani, wakatafuta mahali pazuri.

"Bwana Ulaya," akasema mmoja, "unatwanga au unabisha hodi?"

"Mwacheni," akasema mwingine, "anamfundisha kinu Kidachi."

Nikaendelea. Viganja vilikuwa vimeanza kuchubuka nilipoisikia ile sauti kutoka mlimani, kabla hata mwenyewe hajaonekana.

"Nani anaua chikichi yangu?"

Alishuka mbio, mtu wa umri ule, nguo ameikunja mkononi. Akasimama mbele yangu akapokonya mchi. Alisikiliza kinu, sijui namna gani, akachungulia ndani, akaguna. Kisha akaanza kutwanga, polepole, akiacha nafasi mbili tupu kati ya pigo na pigo.

Dada akatoka ndani. Akatazama, akachukua mchi wa pili, akagusa hirizi, na midomo yake ikatikisika. Nilimwona mama wa mlimani akiinua macho juu ya kichwa cha dada, kuelekea ziwani, bila kupoteza pigo. Nafasi ikabaki moja. Ilibaki kwa muda mrefu, na kila ilipopita tupu ilisikika. Ilipojazwa hatimaye, mbatizwa alikuwa ameweka vyungu vyake chini nje ya ua, na wale wavuvi wakapiga makofi kana kwamba ni wao waliopanga.

Watu wa wifi walipokuja adhuhuri walipewa maji ya kunywa na kazi ya kuleta kuni.

Mafuta yakapanda alasiri. Upawa ulikuwa ukining'inia ukutani, na mama wa mlimani aliuchukua, akachota, akasimama. Hakwenda kwenye shina. Dada na mbatizwa walikuwa wameshageuka. Yeye alikuwa akinitazama mimi, na upawa mkononi, na nilijua kwamba anaweza kuumimina tena chunguni, na kwamba safari hii hatarudi.

Nikaweka viganja vyangu vyenye malengelenge nyuma, nikageuka, nikatazama ziwa.

Nyuma yangu nilisikia hatua zake. Nilisikia sauti yake ikishuka, akianza kuita, na nakiri kwamba jina la kwanza nililisikia vizuri na la pili nilitaka sana kulisikia. Nikafumba macho ili masikio yafanye kazi. Tabia ya chuo kikuu haiishi kwa siku moja ya kutwanga.

Sauti ikakoma. "Mingapi?"

Dada akanigusa kiwiko. Swali lilikuwa langu.

"Saba," nikasema, kwa uhakika mkubwa.

Mbatizwa, kando yangu, akaanza kutetemeka mabega.

"Saba," akarudia mama wa mlimani. "Ziwa iko tupu. Kumenyesha asubuhi, wavuvi wote wako hapa, wanakutazama wewe."

Nikafumbua macho. Maji yalikuwa meupe, matulivu, mpaka milima ya ng'ambo, na juu yake hapakuwa na kitu. Dada alikuwa ameketi chini kwa kucheka. Wavuvi nao. Mbatizwa alikuwa akifuta machozi kwa pembe ya kanga, na mama wa mlimani, nilipogeuka kidogo, alikuwa bado ameushika upawa wake, umejaa. Alikuwa hajamwaga hata tone. Alikuwa ananipima.

"Hesabu tena," akaniambia.

Nikageukia ziwa, nikalitazama kweli. Nilitazama kutoka kaskazini upande wa Muhuta mpaka kusini kule Nyanza, nikahesabu kwa uangalifu vitu ambavyo havikuwepo. Nilitumia muda mrefu. Sijui alisema nini nyuma yangu.

"Mingapi?"

"Hakuna hata mmoja, mama."

"Ego," akasema, ndiyo ya kwao. "Sasa kamata mchi."

Mafuta ya msimu ule yaliwasha koo kidogo, lakini yalikwenda Ujiji na yakarudi mtama. Nilimwandikia profesa kwamba desturi ya wanawake wa Rumonge wanaopika mawese ni kuhesabu mitumbwi. Alinijibu kwa shauku, akitaka kujua imani iliyo nyuma ya hesabu hiyo. Nilikuwa bado natafuta namna ya kumjibu vita vilipokuja na barua zikakatika, na hilo ndilo jema pekee nililoliona katika vita vile.